Mlima Mmoja, Serikali Mbili: Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda

Katika mazungumzo yetu, kwenye sherehe za harusi na hata katika mikutano ya wafanyabiashara kule Butembo na Beni, yapo maneno yanayorudiwa mara nyingi: kwamba Mnande amezaliwa mfanyabiashara, na kwamba ndugu yake Mkonzo wa ng'ambo ya mlima amezaliwa mtu wa siasa na bunduki. Husemwa kwa kicheko, na pengine msemaji hana nia mbaya. Hata hivyo yana sumu ndani yake. Tukikubali kwamba watu wawili wa lugha moja wametofautiana kwa sababu ya damu, haitakuwa vigumu kuendelea mbele na kusema hivyo hivyo juu ya Mmbuba, Mlese na Mbuti tunaoishi nao hapa Eringeti, kwamba hali yao nayo wamezaliwa nayo. Ndiyo sababu tumeona vema, ndugu wasomaji, kuitazama historia ya pande hizo mbili za Rwenzori na kuuliza ni nini hasa kilichowatenganisha.

Lugha haikuwatenganisha. Anayesema Kinande akivuka Kasindi na kuingia Mpondwe anaendelea na mazungumzo yake bila mkalimani. Lukonzo humsikika kama lafudhi ya kijiji cha jirani. Wengi kwa pande zote mbili hujiita kwa jina moja, Wayira. Mashamba ya miteremkoni ni yale yale, ndizi na maharage, na mpangilio wa ukoo ni ule ule. Kabla ya wazungu, watu wa milima ya Lubero na wa miteremko ya Rwenzori walishiriki hata soko moja kubwa, yaani chumvi ya ziwa la Katwe, ambalo leo limo Uganda. Wabebaji walishuka milimani na vyakula na bidhaa nyingine, wakarudi na mizigo ya chumvi vichwani. Kwa hiyo kama biashara ni kipaji, kipaji hicho kilikuwa cha wote. Mkonzo ndiye aliyekaa karibu zaidi na chumvi yenyewe.

Tarehe 14 Mei 1910, huko Brussels, wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walitia sahihi makubaliano ya mipaka ya eneo letu. Mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Uganda ukapandishwa juu ya Rwenzori, ukapita kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, ukateremka kwa mito hadi mto Lubiriha na ziwa Edward. Mwenye shamba upande mmoja na mjomba upande wa pili hakuulizwa neno. Wenyeji wenyewe hawakuacha kuvuka. Lakini tangu siku hiyo kila upande ulilipa kodi kwa bwana wake, ukasoma shule za bwana wake, ukapata machungu ya namna yake.

Tuanze na upande wa Uganda, kwa maana hapo ndipo chimbuko la usemi ule wa siasa na bunduki. Waingereza hawakumtawala Mkonzo moja kwa moja. Kwa mkataba wa mwaka 1900 walikuwa wamemtambua Omukama Kasagama wa Toro na kumpa mamlaka juu ya nchi pana, pamoja na milima ambayo watu wake hawakujiona kamwe kuwa raia wake. Machifu walitoka Toro. Kodi ilikusanywa na Watoro. Mtoto wa Kikonzo alipoingia shule alifundishwa kwa Kitoro, na alipotaka kazi ya ukarani aliona viti vimekwisha kukaliwa. Kuanzia mwaka 1919 watu wa mlimani waliasi chini ya Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya. Mwaka 1921 viongozi hao watatu walikamatwa na kunyongwa. Wanande wachache wa upande wetu wanayajua majina hayo, na tunaona ni upungufu.

Malalamiko hayakufa. Mwaka 1954 mwalimu mmoja, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Kwa jina chama hicho kilikuwa cha utafiti, lakini watu wasio na kiti barazani huanzia hapo, kwa kuuliza wao ni nani. Mwaka 1962, Uganda ikielekea uhuru, wawakilishi wa Wakonzo na wa Waamba waliidai wilaya yao wenyewe ndani ya Uganda. Walipokataliwa, wakatoka katika baraza la Toro. Wengine wakapanda mlimani, na ufalme wa Rwenzururu ukatangazwa. Mukirane alifariki mwaka 1966, akarithiwa na mwanawe Charles Wesley Mumbere aliyekuwa bado kijana mdogo. Vita vile vya msituni viliendelea kwa miaka 20 hivi, hadi Agosti 1982, Mumbere aliposhuka na watu wake wakaweka silaha chini kwa mapatano na serikali.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1974, Idi Amin aliwatenga na Toro na kuwapa wilaya zao, ambazo leo tunaziita Kasese na Bundibugyo. Mwaka 2009 serikali ya Kampala iliutambua ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya utamaduni. Kwa hiyo siasa ya Mkonzo ilikuwa na sababu, na ilileta matunda: wilaya, lugha yake shuleni, wabunge, mfalme. Gharama yake nayo inajulikana. Mwezi wa Novemba 2016 jeshi na polisi walilishambulia jumba la mfalme mjini Kasese, watu zaidi ya 100 wakauawa.

Kwa uchumi, Kasese ilipata vitu ambavyo sisi hatukupata. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Palikuwa na mgodi, kiwanda cha saruji cha Hima, pamba bondeni na kahawa miteremkoni, na vyama vya ushirika vya wakulima. Ila uchumi huo ulitegemea serikali na kampuni kubwa. Shaba ilipoanguka wakati wa Amin na mgodi kufungwa, reli ikabaki chuma kilicholala majanini. Mkonzo wa kawaida alibaki mkulima wa shamba dogo kwenye mteremko mkali.

Sasa tugeuke upande wetu. Wabelgiji walikuwa wakali, na wazee walisimulia kulima kwa lazima, kazi za barabara na kiboko. Lakini jambo moja halikutokea kwa Wanande: hawakuwekwa chini ya mfalme wa kabila lingine. Wabaswagha, Wabashu, Wabatangi na Wabamate walikuwa na machifu wao wenyewe, hata kama machifu hao walichaguliwa au kuondolewa kwa matakwa ya mzungu. Hapakuwa na jirani wa kuasiwa. Hasira yetu ilikuwa juu ya Leta, kama tunavyoiita serikali hapa Kongo, na Leta ilikuwa mbali.

Kwa ardhi, tulipoteza sawa na wao. Hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ilichukua bonde la Semliki na ufuo wa ziwa. Kule Uganda hifadhi iliyopewa baadaye jina la Malkia Elizabeth ikafanya vivyo hivyo mwaka 1952. Pande zote mbili watu wakabanwa milimani. Wanande walikuwa wengi mno kwa mashamba ya Lubero, na hapo ndipo njia zilipoachana. Wazungu waliokaa kwenye nyanda za juu walikuwa wameleta viazi, ngano, kabichi na vitunguu. Wenyeji wakajifunza kuvilima, kisha wakajifunza jambo kubwa zaidi, kuvisafirisha: kwanza kwenye vituo vya migodi ya dhahabu, halafu Kisangani, na mwishowe Kinshasa kwa ndege. Mtu asiye na ardhi ya kutosha alikuwa na lori la kudandia.

Misioni nayo ilifungua mlango. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifika Beni mwaka 1906, na Waasumpsionisti wakachukua kazi mwaka 1929. Shule na seminari zao zilimfundisha Mnande kuandika, kuhesabu na kutunza daftari bila kupita kwanza katika lugha ya jirani aliyemdharau. Hapo tofauti na Mkonzo wa miaka ile ni kubwa sana, na haikutokana na akili ya mtoto yeyote.

Halafu ikaja Zaire. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mobutu alitwaa maduka na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa wakubwa wa utawala wake. Mengi yakaharibika muda mfupi baadaye. Wanande hawakuwa karibu na meza ya Kinshasa, basi walijenga bila meza hiyo. Kahawa na dhahabu ziliteremka Kasindi kwa magendo, malori yakarudi na vitambaa, sabuni na vipuri kutoka Kampala na Mombasa. Miaka ya baadaye wakafika Dubai na China. Wakubwa wa biashara walikopeshana kwa neno la mdomo, kwa kujuana kanisani na ukooni. Barabara zilipokufa, wafanyabiashara na jimbo chini ya Askofu Emmanuel Kataliko walizitengeneza wenyewe. Mwaka 1989 Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Mji mzima ulikua hivyo, wenye maghorofa ya matajiri lakini usio na umeme wa serikali, ukinguruma kwa jenereta kwa miongo mingi.

Tunajivunia mji huo, na ni haki. Lakini tusiseme uongo juu ya kilichotukosa. Ni ufanisi wa watu walioachwa. Nchini Uganda shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 1997. Kwetu ilibidi kungoja hadi 2019, na tangu miaka ya 1990 ni wazazi waliomlipa mwalimu, malipo yale yaliyoitwa primu. Mtoto wa tajiri wa Butembo alisoma, na mtoto wa mchuuzi wa mihogo aliketi nyumbani muhula ulipokuwa mgumu. Mkonzo maskini wa Kasese angeweza kumpeleka mwanawe darasani, hata kama darasa lilikuwa na watoto 100. Tukipima kwa maghala na malori, Mnande yuko mbele. Tukipima kwa kile ambacho mtu asiye na kitu anaweza kukidai kutoka kwa nchi yake, upande wa pili umetutangulia.

Na usalama? Hapa historia za pande mbili zilikutana tena, vibaya. Amon Bazira, mwanasiasa wa Kikonzo aliyesaidia kupatikana kwa mapatano ya 1982, ndiye aliyeanzisha mwaka 1988 kundi la NALU mlimani dhidi ya serikali ya Museveni. Mabaki ya kundi hilo yaliungana na waasi wengine waliotoka mbali na Rwenzori, wakawa ADF, nao walishambulia Mpondwe mwezi Novemba 1996 wakitokea ardhi ya Kongo, mahali ambapo Leta haikuwapo. Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kwa uvamizi huo mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya kikatili yameikumba teritwari ya Beni, na Eringeti ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kulia. Novemba 2015 hata hospitali haikuachwa. Juni 2023 damu ilimwagika katika shule ya sekondari ya Mpondwe, watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Wanaosema kwamba ADF ni mambo ya Wakonzo wawahesabu basi watoto hao.

Tuliwataja mwanzoni majirani zetu wa Eringeti, na hatutaki kuwaacha njiani. Wanande wengi wa hapa ni wageni wa vizazi viwili au vitatu, walioteremka kutoka Lubero kutafuta ardhi msituni. Wambuba, Walese na Wambuti waliwatangulia. Ugonjwa wa mnyauko ulipoiua kahawa yetu miaka ya 1990, ukavuka pia hadi Bundibugyo, kakao ilichukua nafasi yake pande zote mbili za mpaka. Kakao ni mti wa miaka mingi. Anayeupanda huishika ardhi. Aliyekuwa na fedha ya miche na jina la kujulikana kwa mnunuzi alipanua shamba, na Mbuti aliyeishi kwa msitu alikuta msitu umekuwa mali ya mtu. Uhusiano huo unafanana mno na ule wa Mtoro na Mkonzo wa mwaka 1919, ila safari hii aliye juu ni Mnande.

Sehemu ya kakao hiyo huvuka mpaka bila karatasi, kwa pikipiki, kisha kwa lori, na huko ng'ambo huingia magunia ya Uganda na kuuzwa Ulaya kama kakao ya Uganda. Mkulima wa Eringeti hufuata bei iliyo bora, kama wabebaji wa chumvi ya Katwe walivyofanya. Kodi yake haijengi darasa huku, na jina la kijiji chake halionekani kwenye gunia.