Mkuki wa Morani na Mkuki wa Uwanjani

Tangu wageni wa kwanza wawaone Wamaasai wakiruka na kutembea na mikuki, imekuwepo dhana moja isiyokufa: kwamba aliyelelewa na mchezo wa jadi ameshafika nusu ya safari ya kuelekea riadha. Kaunti ya Kajiado, Kenya, ina sababu nzuri ya kuipima dhana hiyo. Ni huko Kimana, chini ya Kilimanjaro, ilikoanzishwa Olimpiki ya Wamaasai mwaka 2012, vijana washindane wao kwa wao badala ya kuwinda simba. Na hata Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, ambako malisho yamegeuka ploti, mwanafunzi anayekabidhiwa mkuki wa mashindano shuleni huenda bado ana mkuki wa babu yake nyumbani. Ninachoshikilia ni kwamba ufundi wa zamani hauhami mzima kuingia katika mpya. Zinazohama ni nguvu, mizani na uthubutu. Namna yenyewe ya kutenda huachwa mlangoni, na mara nyingine sheria ndizo zinazoifukuza.

Chukua adumu, ngoma ya kuruka ya Wamaasai. Morani husimama mahali pamoja, mwili umenyooka kama mlingoti, akaruka kwa miguu yote miwili pamoja, na visigino havitakiwi kugusa chini kabla ya mruko unaofuata. Sasa tazama kuruka juu kwa uwanjani: kuna mbio za kuanzia zinazopinda karibu na mwamba, na sheria inamtaka mchezaji aondoke ardhini kwa mguu mmoja. Kitendo ambacho ndicho moyo wa adumu ni kosa uwanjani. Tangu Dick Fosbury ashinde Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa kuupita mwamba chali, tofauti imezidi kupanuka, kwa kuwa mruka juu wa leo anajifunza kupinda mgongo hewani, jambo ambalo morani amefunzwa kutolifanya kabisa.

Ushahidi mzito zaidi uko Rwanda. Mwaka 1907 msafara wa Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, ulipiga picha za vijana wa kasri wakiruka vizuizi virefu kuliko watu waliosimama chini yake, na zikatajwa mita 2.50 wakati rekodi ya dunia ilikuwa 1.97. Ulaya ikangoja mabingwa wa Olimpiki kutoka huko, nao hawakuja. Warukaji hao walikuwa wakikanyaga jiwe au kichuguu kidogo kabla ya kuondoka, na mchezo wao ulikuwa wa heshima ya kasri, wenye vipimo vyake. Aliyewapima kwa futi ya Ulaya alikuwa akipima kitu kingine. Mwafrika Mashariki aliyepata medali ya kuruka juu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Vancouver mwaka 1954, Patrick Etolu wa Uganda, aliipata fedha kwa mita 1.99 akishindana kwa sheria za uwanjani.

Mkuki nao una kisa chake. Ule wa morani ni bapa refu la chuma mbele, mti mfupi wa kushikia katikati na chuma kilichochongoka nyuma: mzito, wa kumchoma mnyama aliye karibu. Ule wa mashindano ya wanaume una gramu 800, na huruka kwa kupasua upepo. Julius Yego alizaliwa Nandi, ambako mkuki ulikuwa silaha ya jadi vilevile, lakini alijifunza kwa kutazama video za Jan Železný na wenzake, kisha akanolewa Finland. Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Uhispania kulitokea kinyume chake: mwaka 1956 Félix Erauskin aliingiza katika mkuki mzunguko wa mwili uliotoka kwenye mchezo wa Wabaski wa kurusha nondo, akavuka mita 80. Ufundi wa jadi ulihama kweli, na wakuu wa riadha wakaupiga marufuku.

Hata kwenye theluji mambo ni hayohayo. Sondre Norheim wa Telemark, Norwei, alisifika karne ya 19 kwa kuteleza kwa mbao za ski huku kisigino kikiwa huru. Mtindo wa Alpi ukaja baadaye kukifunga. Aliyeanza na ule wa kwanza huzoea kutafuta mizani bila kuegemea kiatu, na mizani hiyo humfaa katika wa pili. Goti la kupinda karibu na ubao kwenye kona, hata hivyo, linabaki Telemark.

Atakayepinga atamtaja David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris na mlezi wa michezo ya Kimana, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaunga mkono hoja: kukimbia ni kitendo kilekile porini na uwanjani, kwa hiyo hakina cha kuachwa mlangoni. Hata hivyo Rudisha alikuwa na baba, Daniel, aliyeshinda fedha ya kupokezana vijiti mwaka 1968, na kocha Colm O'Connell wa Iten. Kimana wamelielewa hili vizuri: mbio zao ni za mita zilezile za dunia, ila kuruka kumebaki kwa Kimaasai, mshindani akiruka wima kugusa kamba kwa kichwa. Mwalimu wa Matasia anayetaka mruka juu wa taifa atampata hapo kijana mwenye miguu ya chemchemi, kisha aanze kumfundisha kuondoka kwa mguu mmoja.