Loving, kaunti ya Marekani yenye watu 64 na kura 66

Chukua basi moja la abiria 65. Pakia kila mkazi wa Kaunti ya Loving, jimbo la Texas, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi kizee. Wote wanaenea, na kiti kimoja kinabaki.

Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu 64 huko, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote nchini humo. Novemba mwaka huohuo ukaja uchaguzi wa rais. Matokeo ya Loving: Donald Trump kura 60, Joe Biden 4, wagombea wengine 2. Jumla 66.

Hujakosea kusoma. Kura zimewazidi watu, na kwenye hao 64 kuna watoto wasiopiga kura. Kabla hujasema "wameiba", soma kidogo, maana sheria ya Texas ina namna yake ya kuamua nani ni mkazi wa wapi.

Iko wapi?

Loving iko magharibi mwa Texas. Kaskazini inapakana na jimbo la New Mexico, na upande wa magharibi Mto Pecos unaitenganisha na Kaunti ya Reeves. Mashariki kuna Winkler, kusini kuna Ward.

Eneo lote ni kilomita za mraba 1,753 hivi. Ukigawa sawasawa, kila mtu anapata kama kilomita za mraba 27. Ni nchi tambarare, kavu, vichaka vifupi na vumbi, mvua za kuhesabu. Mto upo lakini maji yake ni ya chumvi. Kuna bwawa la Red Bluff, lililojengwa miaka ya 1930, ambalo maji yake hutumika zaidi kumwagilia mashamba yaliyo chini ya mto. Kwa miaka mingi wakazi waliletewa maji ya kunywa kwa malori.

Makao makuu ni Mentone, na hapo ndipo penye makazi ya kueleweka. Kuna jengo la mahakama la mwaka 1935 na barabara ya jimbo namba 302 inayokatiza. Hospitali hakuna. Shule hakuna: watoto wanapanda basi kwenda Wink, kaunti jirani ya Winkler. Ukitaka kufanya manunuzi ya maana, unaendesha hadi mji wa Pecos, ng'ambo ya mto, au Kermit upande wa mashariki.

Jina halina uhusiano na mapenzi. Ni la Oliver Loving, mfanyabiashara aliyeswaga makundi makubwa ya ng'ombe kupitia njia ya Pecos. Mwaka 1867 alijeruhiwa na wapiganaji wa Comanche karibu na mto huo, akafia Fort Sumner, New Mexico. Hakuwahi kuishi kwenye kaunti hii. Ilichorwa kwenye ramani miaka 20 baadaye, 1887.

Kaunti iliyozaliwa mara mbili

Hii habari ya kura kuzidi watu haikuanza 2020.

Sensa ya 1890 ilikuta watu watatu Loving. Ndiyo, watatu. Miaka mitatu baadaye, 1893, wakaja watu kutoka Denver, Colorado, na kampuni ya kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Wakapeleka maombi ya kuanzisha serikali ya kaunti, yakiwa na sahihi 150 za waliodaiwa kuwa wapiga kura halali. Uchaguzi ukafanyika, zikaripotiwa kura 83, kaunti ikapata viongozi.

Mambo yalipoanza kuchunguzwa, waliojiita viongozi walishatoweka. Mwaka 1897 Bunge la Texas likaifuta serikali hiyo na kuirudisha Loving chini ya Reeves. Mji wa Mentone wa wakati huo ukafa, huu wa leo ni mwingine uliorithi jina.

Kilichoifufua ni mafuta. Yaligunduliwa miaka ya 1920, watu wakamiminika, na 1931 Loving ikaundwa upya. Ndiyo kaunti ya mwisho kuundwa Texas, na ya pekee jimboni iliyoundwa mara mbili.

Sensa ya 1940 ilikuta watu 285, idadi kubwa kuliko sensa nyingine yoyote ya Loving. Baada ya hapo ni kushuka: 226 mwaka 1960, 91 mwaka 1980, 67 mwaka 2000. Ikapanda hadi 82 mwaka 2010, ikarudi 64.

Nani anatawala?

Msomaji wa Kenya akisikia kaunti anamfikiria gavana na bunge la kaunti. Marekani siyo hivyo. Gavana ni wa jimbo. Kaunti za Texas zinaendeshwa na chombo kinachoitwa mahakama ya makamishna, ingawa kazi yake kubwa siyo kesi. Kinapanga bajeti, kodi na barabara. Kina watu watano: makamishna wanne, kila mmoja na eneo lake, na jaji wa kaunti anayeongoza vikao. Jaji huyu halazimiki kuwa mwanasheria.

Kuna pia sherifu, karani, mweka hazina, mwanasheria wa kaunti na hakimu wa kesi ndogondogo. Wote wanachaguliwa kwa kura, muhula ni miaka minne. Mentone haijasajiliwa kama mji, kwa hiyo haina meya wala madiwani. Kila kitu ni kaunti.

Hapo ndipo utamu ulipo. Texas ina kaunti 254, na mfumo ni uleule kwa zote. Harris, yenye jiji la Houston na watu zaidi ya milioni 4.7, ina jaji na makamishna wanne. Loving yenye watu 64 nayo ina jaji na makamishna wanne. Sasa hesabu vyeo vyote hivyo, toa watoto, toa wasiotaka siasa. Wanaobaki wengi ni ndugu, majirani, au watu waliogombana juu ya uzio wa ng'ombe.

Kwa haki, historia hiyo ina mambo yake mazuri. Mwaka 1945 Edna Reed Clayton Dewees aliteuliwa kuwa sherifu hapa, kisha akachaguliwa kwa kura, na anatajwa kama mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa sherifu Texas. Hakubeba bunduki, na inasemekana alikamata watu wawili tu.

Pesa inatoka wapi?

Usidhani watu 64 maana yake kaunti maskini. Loving imekaa juu ya bonde la Permian, eneo linaloongoza Marekani kwa uzalishaji wa mafuta. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mishahara, hivyo serikali za mitaa zinategemea sana kodi ya mali. Na huko, mafuta na gesi iliyo chini ya visima ni mali. Inathaminiwa kila mwaka na mwenye hisa analipa.

Kwa hiyo kaunti yenye watu wa kujaza basi moja ina mali ya mabilioni ya dola ya kutoza kodi, na anayekalia kiti cha kamishna anapanga matumizi ya pesa hizo. Kiti chenyewe kinaweza kupatikana kwa kura chache kuliko watu wanaohudhuria kikao cha harusi.

Ndiyo maana kila kura inagombaniwa.

Nani ni mkazi?

Sensa inakuhesabu mahali unapoishi na kulala muda mwingi. Sheria ya uchaguzi ya Texas inaangalia kingine: makao yako ya kudumu, yaani pale unapokusudia kurudi baada ya safari ya muda. Mwanafunzi aliye chuo cha mbali anaweza kubaki mpiga kura wa nyumbani kwao. Mwanajeshi pia. Na mtu mwenye ranchi Loving anayekaa mji mwingine siku nyingi za wiki naye atasema nyumbani kwake ni Loving.

Hapo ndipo kura 66 zinapata maelezo, na hapohapo ndipo ugomvi unapoanza. Upande mmoja unasema hawa ni wenyeji waliosambaa kutafuta maisha. Mwingine unasema ni watu wa mjini wanaokuja siku ya uchaguzi kulinda vyeo vya jamaa zao. Mabishano haya yamefika mahakamani. Mwaka 2021 Texas ilikaza sheria: huruhusiwi kujiandikisha kama mkazi wa sehemu kwa lengo la kubadili matokeo ya uchaguzi fulani. Lakini "kukusudia kurudi" bado kupo, na kusudi liko kichwani mwa mtu. Utalipimaje?

Wageni nao wameshapiga hesabu. Katikati ya miaka ya 2000 kikundi cha watu wasiotaka serikali kubwa wala kodi kilipanga kununua ardhi, kuhamia Loving, kuwazidi wenyeji kwa kura na kushika kaunti. Hawakufanikiwa. Lakini ukiwaza kwamba walihitaji watu mia tu, unaelewa kwa nini wenyeji wanamtazama kila mgeni mara mbili.

Udogo huu unasumbua hata mahakama ya kweli. Kesi kubwa ya jinai Texas inahitaji jopo la raia 12. Kwa Loving, 12 ni karibu mtu mmoja kati ya kila watano, watoto wakiwemo. Nani atakaa kwenye jopo ambaye hamjui mshtakiwa? Jaji wa kesi hizo siyo wa Loving peke yake, anahudumia pia Reeves na Ward.

Na kuna watu ambao hawamo kwenye hesabu yoyote kati ya hizi: wafanyakazi wa mafuta. Barabara ya 302 inajaa malori na pikapu zao. Wanalala kwenye kambi, wanamaliza zamu, wanarudi makwao kwenye miji mingine, na huko ndiko sensa inakowahesabu na ndiko wanakopigia kura.

Hata hiyo 64 yenyewe, usiishike sana. Kwenye sensa ya 2020 Marekani ilichanganya kwa makusudi makosa madogo kwenye takwimu za maeneo madogo ili mtu asiweze kutambuliwa kupitia majibu yake. Kwa kaunti ya watu milioni, huwezi kuona tofauti. Kwa Loving, watu wawili watatu wanaweza kuwa wameongezwa au kupunguzwa na kompyuta. Jumla ya jimbo zima la Texas ndiyo iliyoachwa kama ilivyohesabiwa.