Nakala za Hati za Mizigo Busia na Malaba

Usalama wa kumbukumbu za mizigo Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, umetegemea sana kuwepo kwa nakala ya pili mahali pengine. Haja ya nakala nyingi ilichelewa kufika. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Malaba ndani ya eneo moja la forodha. Hata baada ya uhuru, idara moja ya Afrika Mashariki iliendelea kukusanya ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ukapata uzito mpya, na kazi ya hati ikaongezeka.

Hati hizo zilipigwa taipu zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine, kaboni katikati. Ya juu ilisomeka vizuri; ya chini kabisa ilififia, na 3 ikafanana na 8. Hata hivyo, utaratibu huo ulikuwa na nguvu isiyothaminiwa vya kutosha: nakala zilitawanyika. Moja ilibaki kwa afisa, nyingine ikasafiri na mzigo, nyingine ikaingia kwenye faili la wakala wa forodha. Mchwa wakila faili moja, au paa likivuja wakati wa masika, mzigo uleule ulikuwa bado umeandikwa kwingine.

Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ilianza kutumia mfumo wa Simba, uliotokana na ule wa forodha ya Senegal, na matamko yakawa yanatumwa kwa kompyuta. Ankara, hati za usafirishaji na stakabadhi za benki zilizoskaniwa zikaanza kujaa kwenye kompyuta za ofisi, na zilipojaa zikahamishiwa kwenye diski ya nje. Hapo hatari iliongezeka kimyakimya. Kabati zima la mafaili liliingia kwenye kisanduku kinachotosha mfukoni, na mafaili ya kwenye kompyuta yakifutwa ili kupata nafasi, kifaa kilichonunuliwa kuwa akiba hugeuka kuwa hifadhi pekee.

Ndani ya kisanduku hicho mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele maelfu ya mara. Diski ikianguka kutoka mezani huku inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na kufuta kilichoandikwa. Ikichomolewa ghafla, au stima ikipotea faili linapoandikwa, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika ingawa sahani ni nzima. Mlio wa tak-tak unaojirudia ni dalili mbaya: kuiwasha tena na tena huzidisha mikwaruzo. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, ambayo imechapisha takwimu za diski zake tangu 2013, kwa miaka mingi imeripoti kwamba takriban 1 hadi 2 katika kila 100 hufa kwa mwaka. Lakini hizo hukaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme thabiti. Haziendi kazini kwa boda boda.

Mtawanyiko wa zamani ulirudi kwa njia nyingine. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na kutuma mafaili mbali kukawa rahisi zaidi. Mwaka 2014 Eneo Moja la Forodha lilianza, mizigo ya Uganda ikawa inatamkwa ingali Mombasa, na taarifa zake zikapita kati ya mifumo ya nchi mbili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kiliwaweka maafisa wa pande zote chini ya paa moja.

Mifumo hiyo huhifadhi tamko, lakini haichukui nafasi ya faili la wakala. Mawasiliano na mwenye mzigo, hesabu za malipo na hati asilia hubaki mikononi mwa wakala, na sheria ya forodha ya mwaka 2004 ya Jumuiya iliyofufuliwa inamtaka atunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Kwa kipindi hicho diski moja haitoshi. Kinachofaa ni diski mbili, moja ikilala nje ya ofisi, pamoja na nakala kwenye seva ya mbali, na faili moja au mawili yafunguliwe kila mwezi kuthibitisha kwamba bado yanasomeka.