Njia ya Miembe, Nyumba ya Masista

Ukishuka hadi ufukwe wa Misheni ya Bagamoyo utaukuta msalaba umesimama kuelekea bahari, na nyuma yake njia ya miembe mikongwe inayokupeleka moja kwa moja hadi kwenye majengo ya zamani. Wageni wengi huifuata kwa ajili ya Livingstone, ambaye mwili wake ulipitia hapa Februari 1874 ukielekea Unguja. Mimi niliifuata kwa ajili ya masista ambao ni nadra kuwakuta wakitajwa.

Safari yao ilianzia kisiwa cha Réunion. Utumwa ulifutwa huko Desemba 1848, na mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la Mabinti wa Maria, lililowapokea Wazungu na Weusi pamoja, wakiwemo wanawake waliokuwa watumwa majuzi tu. Mwishoni mwa 1860, sita kati yao walishuka Unguja pamoja na Padre Fava. Soko la watumwa lilikuwa bado likiendelea, na lingeendelea hadi 1873. Masista walifungua milango kwa wagonjwa na kwa watoto wasio na kwao. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwasili 1863, wakiongozwa na Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kuja kuanzisha misheni hapa bara. Masista nao wakafuata.

Nyumba yao iliyojengwa miaka ya 1870 ndiyo makumbusho ya leo. Inafaa ukae humo bila haraka, maana habari zake hazina upande mmoja. Watoto wengi wa misheni walinunuliwa sokoni kwa fedha, na tangu enzi hizo wapo waliouliza kama fedha hizo hazikuwanufaisha wachuuzi walewale. Aliyekombolewa hakuwa huru kwenda atakako: kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka shambani, darasani na kanisani, na alipokua aliozwa na kupewa kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Baadhi walitoroka. Nawaelewa, na sidhani kwamba kuyasema haya kunawapunguzia masista heshima.

Heshima yao inaonekana makaburini. Homa na kipindupindu havikumbagua mtawa na mtumwa aliyekombolewa, na wengi waliozikwa pale walikufa wangali vijana. Hapo ndipo nadhiri zinapoeleweka. Ufukara, useja na utii mara nyingi tunavisikia kama orodha ya makatazo, kumbe ndivyo vilivyomwezesha mtu kukaa mahali ambapo mwenye mali na watoto angefungasha virago.

Siku hizi huulizwa kama utawa bado una kazi, wakati serikali ina shule zake na hospitali zake. Swali hilo linasahau kilichowaleta wale sita. Kilichowaleta ni binadamu anayeuzwa, na binadamu bado anauzwa. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu mwaka 2008. Mwaka uliofuata, wakuu wa mashirika ya masista duniani waliunda mtandao wa Talitha Kum ili kupambana na biashara hiyohiyo. Biashara hii haihitaji tena jahazi: binti wa kijijini huahidiwa kazi nzuri mjini au Ghuba, na akifika hunyang'anywa pasipoti na simu.

Sista aliye kwenye mtandao huo huongea na wazazi kabla wakala hajabisha hodi, humtafutia malazi binti aliyetoroka, humsindikiza anaporudi kwao. Kazi hii haina faida ya fedha na huchukua miaka. Kanisa limeipa siku, tarehe 8 Februari, sikukuu ya Josephine Bakhita, msichana wa Sudan aliyetekwa utotoni, akauzwa mara kadhaa, kisha akaingia utawa kule Italia na kuishi humo hadi kifo chake mwaka 1947. Wale Mabinti wa Maria wa mwanzo waliotoka utumwani wakavaa shela wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.