Tachipadi: Kasoro na Matengenezo Yake

Tachipadi ni kile kibao laini cha mstatili kilichowekwa chini ya kibodi ya kompyuta mpakato, ambacho mtumiaji hupitisha kidole juu yake ili kuuongoza mshale wa kiooni pasipo kuhitaji mausi. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilikwisha kuitia katika kompyuta zake za MC mwaka 1989, lakini iliyoipa heshima yake duniani ni Apple ya Marekani, ambayo mwaka 1994 iliiweka katika PowerBook 500 kwa ufundi uliobuniwa na George Gerpheide, na haukupita muda mrefu kabla ya watengenezaji wengine kuufuata mkondo huo.

Ndani ya tachipadi ya kawaida hamna kitu kinachotembea ghairi ya kitufe cha kubonyezea. Chini ya uso wake mmetandazwa wavu wa nyaya nyembamba mno zenye umeme hafifu, na kidole, kwa kuwa mwili wa binadamu una majimaji na hupitisha umeme, kikiukaribia wavu huo huupunguzia sehemu ya chaji yake. Kisha chipu ya elektroniki hupima, mara nyingi katika kila sekunde, upungufu huo umetokea pembe ipi. Kwa hiyo padi haisikii uzito wala nguvu: ukucha hauiamshi, kalamu haiiamshi, ilhali tone la maji au jasho la kiganja hudhaniwa kuwa ni kidole cha pili na mshale ukaanza kuruka ovyo. Katika kisiwa cha Unguja, ambako unyevu wa hewa haupungui sana hata nje ya masika ya Machi hadi Mei, si jambo la ajabu kwamba tiba ya kwanza kabisa ni kunawa mikono, kuikausha, na kuipangusa padi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi.

Tunguu, iliyomo katika Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, ni pahali ambapo kasoro hii ina uzito wake, kwani hapo pana vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoasisiwa 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha 2001. Mwanafunzi ambaye padi yake imemfia usiku, naye kazi yake yatakiwa asubuhi, mafundi walio wengi wako Mjini, na daladala za kuelekea huko zimekwisha kulala. Huyo hana budi kuyajua mwenyewe yale yanayowezekana kufanywa bila ya bisibisi. Na yanayowezekana ni mengi, maana aghalabu padi iliyonyamaza haikuharibika, bali imekatazwa.

Kukatazwa huko hutokea kwanza kwa vidole vya mwenyewe. Katika safu ya juu ya kibodi kompyuta nyingi zina kitufe chenye picha ndogo ya padi, mara nyingine imekatwa kwa mstari, nacho huwa F5, F6, F7 au F9 kwa kadiri ya apendavyo mtengenezaji. Kukibonyeza pamoja na Fn huizima padi, na kukibonyeza tena huirudishia uhai wake. Baadhi ya kompyuta za HP za miaka ya nyuma zina kitone katika pembe ya juu kushoto ya padi yenyewe, na kukigonga mara mbili hufanya kazi ile ile. Sababu ya pili hufichika zaidi: Windows ina mpangilio unaoizima padi kila mausi inapochomekwa, na yule aliyeazima mausi isiyo na waya, akairudisha kwa mwenyewe lakini akasahau kile kidude chake kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ndani ya tundu la USB, atakuwa na kompyuta inayoamini kwamba mausi bado ipo. Heri kuyatazama matundu yote kabla ya kumwita mtu.

Asiye na mausi ya kuazima aweza kuifikia mipangilio kwa kibodi pekee: abonyeze kitufe cha Windows, aandike neno «touchpad», abonyeze Enter, kisha asogee kwa Tab mpaka afike penye swichi na kuigeuza kwa kitufe kirefu cha nafasi. Ikiwa swichi yenyewe haionekani kabisa, hapo hali ni nyingine, maana kompyuta haitambui tena kuwa ina padi. Kabla ya kuvunjika moyo na aizime kabisa, achomoe chaja, akishikilie kitufe cha kuwashia kiasi cha nusu dakika ili umeme uliobakia ndani utoke, kisha aiwashe. Amali hii ni nyepesi hata ikaonekana ya kishirikina, lakini ina msingi wake, kwa kuwa ile chipu ya elektroniki nayo huweza kukwama, na haipumziki kweli maadamu inapata umeme.

Padi iliyopotea mara tu baada ya mashine «kupigwa Windows» upya, kama wasemavyo mafundi, inastahiki maelezo yake peke yake, kwani ndiyo inayowapotezea watu fedha bure. Padi za siku hizi nyingi haziongei na kompyuta kwa njia ile kongwe ya PS/2, bali kwa njia iitwayo I2C, ambayo ina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, mbali na draiva ya padi. Draiva hiyo ikikosekana, padi inakuwa na afya kamili lakini njia ya kuifikia imefungwa, na fundi asiyelijua hilo huagiza padi mpya, akaifunga, nayo ikanyamaza vile vile. Dawa ni kuisoma namba ya modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, na kuzitafuta draiva za modeli hiyo hiyo katika tovuti ya mtengenezaji, ukianza na ya ubao mkuu kabla ya ile ya padi. Anayetaka yakini na aanzishe kompyuta kwa Linux iliyomo katika flashi pasipo kuisakinisha: mshale ukitii huko, makosa yamo katika Windows, usipotii, yapo mashaka makubwa juu ya vyuma.

Umeme nao una shari yake. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, uliolazwa 1980 baina ya Ras Kiromoni na Fumba, nao ulipokatika Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tena tangu Desemba 2009 kwa kiasi cha miezi mitatu, hata ukaja waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Hata hivyo kinachoihangaisha padi aghalabu si kukatika kwa umeme, bali ni kukosekana kwa waya wa ardhi. Soketi zetu ni za matundu matatu, na plagi nyingi zinazokuja na chaja za mtumba ni za miguu miwili ya mviringo. Basi mtu huchukua kalamu, akaichomeka katika tundu la juu ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, akaisukuma plagi yake mle kwa nguvu, na chaja ikawaka. Imewaka, lakini haina ardhi, na ule umeme mdogo unaovuja kutoka katika chaja hukaa juu ya mwili wa kompyuta. Kama mfuniko wake ni wa chuma, ukiupitisha mgongo wa kidole polepole utahisi mtikisiko mwembamba. Padi inayopima chaji ndogo kama ile ya kidole haiwezi kufanya hesabu sahihi katika hali hiyo. Kipimo ni kuchomoa chaja tu: mshale ukitulia, ugonjwa umejulikana, na dawa yake ni plagi ya miguu mitatu katika soketi iliyofungwa ardhi kwa haki. Ama desturi ya kalamu, ubaya wake hauishii kwenye padi, kwani umeme unaua.

Yakishindikana hayo yote, ndipo bisibisi inapoingia. Padi huunganishwa na ubao mkuu kwa waya bapa, mwembamba kama karatasi, unaoshikwa na kikufuli kidogo cha plastiki. Kikufuli hicho kikiachwa wazi na aliyebadilisha kibodi au betri, waya husogea taratibu mpaka mawasiliano yakakatika, na kuurudisha ni kazi ya dakika chache. Chai iliyomwagika na hewa ya chumvi ya pwani huziotesha ncha zake kutu ya kijani, ambayo husafishwa kwa spiriti safi na brashi laini, betri ikiwa imekwisha kuchomolewa.

Hadhari kubwa ni ya betri yenyewe, ambayo katika kompyuta nyingi imelazwa chini kabisa ya padi. Betri ya lithiamu iliyochakaa, hasa iliyozoeshwa joto na chaja ya mchana kutwa, hutoa gesi ndani ya mfuko wake na kufura, nayo ikifura huisukuma padi kwa juu: kubonyeza kunakuwa kugumu, kisha hakuwezekani, kisha mshale hujibonyeza wenyewe. Iweke kompyuta mezani, inama mpaka jicho lilingane na uso wake, utazame. Padi iliyonyanyuka upande mmoja, au mfuniko wa chini usiokaa sawa juu ya meza, ni dalili ya kutosha. Chaja ichomolewe papo hapo, wala mtu asiibinye padi kuirudisha chini, wala betri isitobolewe, kwani ikitobolewa huwaka moto usiozimika kwa wepesi. Ni kazi ya fundi, na wa kumwendea leo, si wiki ijayo.

Padi iliyokufa kweli hubadilishwa kwa nyingine ya modeli ile ile, iliyotolewa aghalabu katika kompyuta iliyokwisha kuvunjwa. Iliyo karibu kufanana haifai, maana tundu la waya hutofautiana hata kwa kompyuta za jina moja. Isipokuwa tu mnunuzi wa kompyuta za Apple zilizotoka tangu 2015 asishtuke akiikuta padi haibonyezeki wakati mashine imezimwa: katika nyingi ya hizo mlio na mguso wa kubonyeza hutengenezwa na sumaku, na pasipo umeme havipo.