Barua ya Utambulisho: Kijana wa Urambo na Historia ya Kuchunguzwa kwa Watafuta Vibarua

Mwanafunzi wa chuo kikuu arudipo Urambo kwa likizo ya Julai huweza kukuta masoko ya tumbaku yakiendelea. Fedha za kujikimu, zile ambazo wenyewe huziita "boom", zimekwisha tangu wiki za mitihani. Kibarua cha kuandika uzito wa marobota, kusaidia dukani au kufundisha watoto wa jirani masomo ya jioni ndicho kitakachomvusha hadi Oktoba. Lakini kabla hajagusa robota hata moja, huulizwa maswali. Barua ya mtendaji wa kijiji iko wapi? Namba ya NIDA je? Wadhamini wawili ni akina nani, na kati yao yupo mtumishi wa umma? Wapo hata waajiri wanaotaka cheti cha tabia njema cha Polisi, ambacho hakitolewi bila alama za vidole, kwa kazi ya wiki tatu.

Sina ugomvi na kuulizwa. Mzazi anayemruhusu kijana asiyemfahamu kuketi na mwanawe kila jioni ana wajibu wa kujua anamruhusu nani, na mwenye ghala la viuatilifu hawezi kumkabidhi ufunguo mpita njia. Kinachonishughulisha ni kwamba maswali yote hutoka upande mmoja. Mwajiri huuliza ukoo, kijiji, rekodi na tabia. Kijana haulizi kama mwajiri huyo aliwalipa vibarua wa mwaka jana. Tumeizoea hali hiyo hadi tunaiona kuwa ndiyo maumbile ya kazi. Historia ya nchi hiyo hiyo ya Urambo inasema vingine.

Katika karne ya 19, kazi ya muda iliyowavuta vijana wengi wa Unyamwezi ilikuwa upagazi. Mavuno yakishaingia ghalani na njia zikishakauka, walishuka pwani na pembe za ndovu, kisha wakarudi na vitambaa, shanga na waya. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua kama miezi mitatu. Kijana ambaye hajaiona bahari alionekana bado mtoto. Kwa lugha ya leo tungesema hawa walikuwa vibarua wa msimu: walikuwa na mashamba yao, na safari ilikuwa ya kujaza pengo na kupata mtaji wa kuanzia maisha.

Walichunguzwaje? Kwa kawaida hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa makundi ya watu waliofahamiana, kila kundi likiwa na nyampara wake. Mwenye msafara, awe Mwarabu, Mswahili au Mzungu, hakuwa na haja ya kumjua kila mpagazi. Alishughulika na nyampara, na nyampara alimjua mtu na nyumba aliyotoka. Mwizi hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa waliomdhamini ndio angekutana nao nyumbani. Richard Burton, aliyefika Kaze, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika yeyote. Hata hivyo alieleza kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akiamua kutoroka, aghalabu huuweka mzigo chini kwanza, kisha huondoka zake. Yaani alivunja mkataba bila kuiba mali.

Uchunguzi huo ulikuwa wa pande mbili. Tabora ilikuwa njia panda: misafara ya kwenda Ujiji, Karagwe na pwani ilikutana hapo, na habari zikabadilishana mikono kabla ya bidhaa. Wapagazi walijua nani hutoa posho kwa wakati, nani hupiga watu, nani huwaacha wagonjwa njiani. Mwenye jina baya aliweza kukaa wiki kadhaa akiwatafuta watu wa kubeba mizigo yake. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa manung'uniko juu ya ucheleweshaji huo, nao waliuita uvivu na ukaidi. Wanahistoria wa karibuni, akiwemo Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, wanawaona watu hao kuwa wafanyakazi waliojua bei ya jasho lao na wakajua namna ya kuidai. Nisieleweke kwamba naipamba njia ile. Mateka walipita humo humo, na mtumwa hakuwa na nafasi ya kumchunguza yeyote. Nasema tu kwamba mpagazi huru alikuwa na haki ambayo mwanafunzi wa leo hana.

Urambo yenyewe inatupa funzo jingine: tahadhari juu ya sifa zinazosimuliwa na watu wa pembeni. Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakijiandaa kupigana na Mirambo. Akaungana nao, na vita vikawageuka. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alimweleza Mirambo kama mtu aliyeanza maisha akiwa mpagazi wa Mwarabu, kisha akajitwalia ufalme. Zingatia maelezo hayo yalikotoka. Stanley hakuwa amemwona Mirambo wala kuzungumza naye; aliishi kwa wapinzani wake, akala chakula chao na kusikiliza masimulizi yao. Na katika vinywa vyao neno "mpagazi" halikuwa sifa ya kazi, lilikuwa tusi la kumshusha mtu asiyestahili alipofika.

Aprili 1876 wawili hao walikutana ana kwa ana. Stanley, aliyetarajia kumwona jambazi, akakiri kwamba mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mpole, mwenye adabu na mtulivu wa maneno, tofauti kabisa na picha aliyokuwa nayo. Wakachanjiana damu ya undugu. Pengine Mirambo naye alikuwa na sababu zake za kuonyesha upole siku hiyo. Alikuwa mwanasiasa hodari, na njia ya biashara ilikuwa na faida kwake. Lakini ilichukua miaka mitano na mkutano wa ana kwa ana kuirekebisha taarifa iliyopatikana kwa adui wa mhusika. Mirambo alikuwa na jeshi la kumwezesha kungoja miaka mitano. Kijana aliyeandikiwa neno baya na mtendaji aliyekosana na baba yake hana jeshi, na soko la tumbaku halimngoji.

Pwani, kazi ya kudhamini iligeuka biashara. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897 na ambaye jina lake Watanzania wengi hulijua kwa jengo la Hospitali ya Muhimbili, alikuwa mmoja wa mawakala wakubwa wa kuwapatia wapagazi wasafiri na Wajerumani. Mwenye msafara sasa hakushughulika na nyampara wa kijiji, alishughulika na tajiri wa mjini. Hatua hiyo ilikuwa ndogo, lakini mpagazi alianza kuwa hesabu katika daftari la mtu asiyemjua.

Hatua kubwa ilikuwa karatasi ya serikali. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi iliyomtaka mwanamume amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Kenya ikaenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, mara nyingi kikiwa ndani ya kasha la bati lililoning'inia shingoni. Mwajiri aliyeachana na mtu wake alipaswa kusaini. Asiposaini, mtu huyo alikuwa mtoro kisheria, hata kama yeye ndiye aliyedhulumiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi.

Huku Tanganyika, wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, ikakusanya watu kutoka mikoa ya mbali, ikiwemo ya magharibi. Walipimwa afya, wakapewa namba, wakapakiwa kwenye treni. Ndiyo maana tunawaita manamba. Lugha yetu imehifadhi ushahidi ambao nyaraka zingeweza kuuficha: babu alibeba jina lake hadi Bagamoyo, mjukuu akafika Tanga akiwa namba.

Uhuru haukuliondoa swali la nani amchunguze kijana. Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Novemba 1974, liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wamalize Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi angalau miaka miwili, kisha waombe chuo wakiwa na mapendekezo mazuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Shabaha yake ilikuwa njema: msomi asiwe mgeni katika nchi ya wakulima waliomsomesha. Lakini mustakabali wa kijana uliwekwa mikononi mwa watu wawili watatu waliomjua, au waliodhani wanamjua. Idadi ya wanawake chuoni ikashuka, na haukupita muda mrefu wakaondolewa masharti hayo. Kisha ikaja sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo kijana wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kusombwa na kurudishwa kijijini.

Barua ya mtendaji ya leo imerithi pande zote mbili. Ina kitu cha nyampara, yaani ushuhuda wa mtu anayekujua, na ina kitu cha kipande, yaani muhuri ambao bila huo huajiriki. Wanafunzi wangu hunisimulia kwamba mahali pengine barua haitoki mpaka kaya imalize michango ya kijiji. Hapo barua imeacha kushuhudia tabia ya mwombaji. Imekuwa njia ya kukusanyia madeni ya baba yake.

Sheria tulizonazo si chache. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa kabila, mahali mtu atokako, dini, maoni ya kisiasa na hali ya maisha, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana na zisizidi mahitaji ya lengo hilo, nayo inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa. Kwa kipimo hicho, mwenye duka hana sababu ya kubaki na nakala ya kitambulisho cha kijana miaka mitatu baada ya kibarua cha wiki tatu. Upande wa pili una tundu. Kifungu cha 15 cha sheria ile ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, lakini hakimgusi anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo. Kibarua wa mwisho wa juma hutoa karatasi zake zote na kuondoka bila hata moja.

Bunge linaweza kuliziba tundu hilo, na watumishi wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuwaagiza watendaji wao waandike wanachokijua tu na wampe mwombaji nakala. Serikali za wanafunzi hazina haja ya kumsubiri yeyote. Zinaweza kufungua daftari la waajiri wa likizo, wilaya kwa wilaya, likionyesha nani alilipa, nani alichelewesha, nani alimwacha binti arudi peke yake usiku. Maandishi yawe ya haki, na mwajiri apewe nafasi ya kujibu kabla jina lake halijasomwa na wengine. Mwanafunzi anayepanda treni ya Tabora mwezi Julai alisome kabla ya kuanza safari.