Mipaka ya Majimbo: Mjadala wa Kuigawa Kenya, 1962–1963

Mjadala wa kuigawa Kenya katika majimbo, yaani maeneo makubwa ambayo kila moja lingekuwa na bunge na madaraka yake, ulifikia kilele mwaka 1962, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa ukielekea ukingoni na vyama viwili vikuu vikigombania sura ya dola itakayorithiwa. Chama cha KANU, kilichotegemea zaidi Wakikuyu na Waluo, kilitaka serikali moja yenye nguvu katikati. Chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kiliwakusanya Wakalenjin, Wamaasai, Wamijikenda na sehemu ya Waluhya, ambao walihofia kumezwa na makabila makubwa, hasa katika suala la mashamba ya nyanda za juu ambayo walowezi wa Kizungu walikuwa wakijiandaa kuyaacha. Kwa hiyo hoja ya kuchora mipaka kwa kufuata utamaduni, ingawa ilitolewa kwa dhati, haikutengana hata siku moja na swali la nani atakayeyagawa mashamba hayo.

Wazo kwamba kila kabila lina eneo lake lenye mpaka halikuzaliwa mwaka huo. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mipaka ya rizavu, yaani ardhi zilizotengewa Waafrika kwa misingi ya kabila, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ikaithibitisha na kuirekebisha katika ripoti yake ya mwaka 1934. Kabla ya hapo Wakikuyu na Wamaasai walikuwa wakioana na kufanya biashara kama walivyokuwa wakipigana, na misafara ya Wakamba ilikuwa ikivuka nchi hadi pwani bila kuulizwa inatoka rizavu ipi. Hata majina yaliyotumiwa mbele ya watawala yalikuwa mageni kwa kiasi: Kalenjin na Mijikenda yalienea kama majina ya umoja katika miaka ya 1940, na Luhya lilitangulia kwa muda mfupi tu. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu waliotaka kuchora mipaka kwa kufuata tamaduni waliyachukulia makundi hayo kuwa ya kale na yaliyokamilika, ilhali baadhi yake yalikuwa bado yanaundwa, na siasa zilezile za mipaka zilikuwa zikiyaunda.

Mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mapema mwaka 1962, ulikubaliana kuwe na majimbo sita pamoja na eneo la Nairobi, kisha Tume ya Mipaka ya Majimbo chini ya Stafford Foster-Sutton ikapewa kazi ya kuyachora. Tume hiyo ilizunguka nchini ikipokea wajumbe na maandiko ya maombi, na ilitakiwa kuzingatia matakwa ya wananchi juu ya watu ambao wangependa kuunganishwa nao. Penye makubaliano kazi ilikuwa nyepesi: Kericho, makao ya Wakipsigis, iliondolewa Nyanza na kuunganishwa na Wakalenjin wenzao katika Bonde la Ufa. Kwingineko kanuni hiyo ilijipinga yenyewe. Trans Nzoia ilidaiwa na Waluhya na Wakalenjin kwa pamoja, jambo lililowatia mashakani viongozi wa KADU waliokuwa wameketi upande mmoja, na hatimaye wilaya hiyo ikabaki Bonde la Ufa. Wasabaot wa Mlima Elgon, ambao ni wa jamii ya Wakalenjin, walijikuta katika Jimbo la Magharibi pamoja na Waluhya, wakalalamika kwa uchungu. Wameru na Waembu, ambao lugha zao ziko karibu sana na Kikuyu, walitolewa katika eneo la kati na kutiwa Jimbo la Mashariki pamoja na Wakamba, na Jimbo la Kati likabaki karibu lote la Wakikuyu.

Kaskazini ndiko kipimo cha utamaduni kilikoshindwa kabisa. Tume nyingine ya mwaka 1962, iliyopelekwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ilikuta kwamba Wasomali karibu wote walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia, lakini Waborana waligawanyika: wengi wa Waislamu miongoni mwao waliegemea Somalia, na wasio Waislamu waliegemea Kenya. Watu wa lugha moja walitenganishwa na dini, na watu wa dini moja walitofautiana kwa nasaba na malisho, hivi kwamba mstari wowote ungewaacha wengine upande wasioutaka. Mwezi Machi 1963 Uingereza ilitangaza jimbo la saba, la Kaskazini Mashariki, kwa ajili ya Wasomali, huku Isiolo, Marsabit na Moyale zikiunganishwa na Mashariki. Jimbo hilo la Mashariki likaenea kutoka Kitui hadi mpaka wa Ethiopia, likiwakusanya Wakamba wakulima na Warendille wafugaji wa ngamia, ambao hakuna utamaduni wa pamoja uliowahi kuwaunganisha. Wasomali walisusia uchaguzi wa mwaka huo, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967.

Huko pwani, madai ya Mwambao, yaani ukanda uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kuwa nchi peke yake yalikataliwa, na wenyeji wa miji ya kale wakawekwa jimbo moja na Wamijikenda, kama Ngala alivyotaka.

Majimbo yalianza kazi mwezi Juni 1963. KADU ilivunjwa mwezi Novemba 1964, na kufikia Desemba mwaka huo, Kenya ilipokuwa jamhuri, madaraka ya majimbo yalikuwa yameondolewa. Lakini mistari yake haikufutwa, bali iligeuka kuwa mikoa iliyotawala maisha ya Wakenya hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoleta kaunti 47. Kaunti hizo nazo zilifuata orodha ya wilaya katika sheria ya mwaka 1992, ambazo nyingi zilirithi mipaka ya kikoloni. Mipaka ya 1962 haikuvumbua tamaduni za Kenya wala haikuzifuata. Iliwapa wanasiasa vipimo vya kuhesabia watu, na vipimo hivyo vimedumu kuliko chama kilichovidai.